Tupeane uzoefu: mtungi wa kuzimia moto nyumbani msimu wa mishumaa

Ndugu zangu, naanza mimi, nanyi mtafuata. Mkesha wa Krismasi uliopita, hapa Mwanga, Kigoma, watoto walijenga pango la kuzaliwa Yesu sebuleni kwa maboksi na nyasi kavu, wakasimamisha mishumaa miwili mbele ya wachungaji. Tukiwa mezani, upepo wa ziwani ulipeperusha pazia juu ya mshumaa, na kabla sijasimama moto ulikuwa umeshafika kwenye fimbo ya pazia. Mtungi ninao, wa unga, kilo mbili. Lakini ulikuwa stoo, nyuma ya dumu la mawese na gunia la mkaa, kwa kuwa mke wangu aliona unaharibu sura ya sebule, nami sikubisha. Nilipolivuta dumu lilimwagika, na niliporudi mikono ikiteleza, nilimkuta shemeji ameshaling'oa pazia na analikanyaga kwa viatu vyake vya kanisani. Sasa mtungi umetundikwa karibu na mlango wa kutokea, ili nikishindwa kuuzima moto niwe upande wa mlango. Wageni huuliza kama ni gesi ya kupikia.

*Mchangiaji, Tabora:*
Pole sana, kaka. Kwetu ilikuwa Pasaka. Watoto walirudi na mishumaa ya mkesha wakaiwasha tena chumbani, jirani na chandarua. Kitanda kilikuwa hakina mtu, namshukuru Mungu. Dada wa kazi ndiye aliyeuwahi mtungi, akabinya kishikio kwa nguvu zake zote na hakikutoka kitu, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba pini huchomolewa kwanza. Nilimpokea, nikaichomoa, nikaelekeza unga kwenye shina la moto huku nikipeleka mkono kushoto na kulia kama anayefagia. Unga huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo ukiupoteza kwenye ndimi za juu umekwisha. Kosa halikuwa la yule binti. Lilikuwa langu, na siku hizi hata bibi anajua pini iko wapi. Vumbi lake tulilifagia siku mbili.

*Mchangiaji, Ujiji:*
Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, mishumaa ya sikukuu si yangu, lakini ukuta wangu na wa jirani Mkristo ni mmoja, hivyo tulichanga tukanunua mtungi unaokaa barazani. Mwaka juzi tuliubinya mara moja kwenye nyasi za pango lake, moto ukazimika, tukaurudisha ukutani tukidhani umebaki mwingi. Baada ya wiki chache mshale wa kipimo cha presha ulikuwa umetoka kwenye kijani, kwani unga hunasa kwenye vali na presha ikavuja polepole. Mtungi uliokwisha kubinywa, hata kidogo, hupelekwa kujazwa upya. Na moto ukishafika darini, tokeni wote nje mpige 114, namba ya zimamoto. Nauliza wa Kigoma: mnaujazia wapi, na kwa bei gani?