Je, dharma (wajibu wa kutenda haki) iliuruhusu uongo wa Yudhishthira?

Swali: Ndugu zangu, katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India kuhusu vita vya ndugu wa ukoo mmoja, Yudhishthira, mfalme msema kweli, alimwambia mwalimu wake Drona, aliyepigana upande wa adui, kwamba Ashwatthama (jina la mwana wa Drona) ameuawa, ilhali aliyeuawa alikuwa tembo mwenye jina hilo. Je, ilikuwa haki?

Jibu: Hapana, ndugu. Pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kutomshambulia asiye na silaha, lakini Drona, akidhani amefiwa na mwanawe, aliweka silaha chini na kukatwa kichwa. Gari la farasi la Yudhishthira, lililoelea vidole vinne juu ya ardhi, liligusa udongo siku hiyo. Kwangu huo ni ushahidi mzito.

Jibu: Nakubali, ingawa Drona alikuwa akiwateketeza kwa silaha za kimungu askari wasiozijua, na Krishna, mungu aliyemshauri Yudhishthira, alitanguliza uhai wao.

Jibu: Hata hivyo, Ashwatthama alilipiza kisasi kwa kuwaua usiku askari wa Yudhishthira waliolala.