Tupeane uzoefu: foniksi ya mtoto wa chekechea nyumbani, mlichagua ipi na mliacha ipi?

Mama Kitinda
Habari zenu wapendwa. Kijana wangu ana miaka mitano, tunasomea nyumbani, na ndani ya mwaka mmoja nimeshabadilisha programu ya foniksi (ile ya kumfundisha mtoto kusoma kiingereza kwa sauti za herufi) mara tatu yani hadi naona aibu kusema. Ya kwanza ilikuwa na nyimbo tamu sana, anaimba A mpaka Z huku anacheza na mabega, ila ukimwandikia "at" anakwambia "ei ti". Majina ya herufi anayo yote, sauti hana hata moja. Ya pili ilinichosha mimi, kila somo kukata makaratasi na kugundisha, tukimaliza kukata hakuna anayekumbuka tulikuwa tunasoma nini. Ya tatu ndo hii nataka kuiacha ila nafsi inanisuta. Kabla sijatoa hela tena naomba tupeane uzoefu, matangazo hapana jamani, nataka waliokaa chini na mtoto wao.

Mwl Mstaafu
Pole mama. Mimi kitu cha kwanza naangalia herufi za mwanzo zinakuja kwa mpangilio gani. Ikianza a, b, c, d naifunga. Zile zilizopangwa vizuri nyingi zinaanza na s, a, t, p, i, n, maana kwa hizo sita tu mtoto anasoma sat, tap, pin, nip, sip, anaonja utamu wa kusoma mapema kabisa. Halafu kiingereza kina herufi 26 lakini sauti ni kama 44 hivi, kwa hiyo programu inayoishia kwenye z imemshusha mtoto njiani, sh, th, ai na oa nani atamfundisha?

La pili ni sisi wazazi, na hili ndo kubwa. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, ndo maana midomo yetu haikubali kuiacha t peke yake, lazima tuseme "ta" au "tu". Sasa mtoto unamwambia unganisha "ka", "a", "ta" upate "cat", naye masikini anaunganisha vizuri kabisa anapata "kaata", tunamwambia umekosea. Hajakosea, sauti ulizompa ndo mbovu. Tafuta yenye rekodi ya kila sauti, na uzisikilize wewe kwanza mtoto akiwa amelala.

Baba Wawili
Mwalimu hapo kwenye "kaata" umenichoma, mimi ndo huyo 😂

Mi sina ualimu wowote, nafundisha asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini kwa hiyo muda wangu ni dakika kumi na tano basi. Nilinunua kasha kubwa lina vigae vya herufi, kadi, chati, kitabu cha mwalimu kinene kama kamusi, likanishinda, kujiandaa tu ni saa nzima. Nikahamia kwenye moja ambayo kila somo limeandikwa neno kwa neno, wewe sema hivi, mtoto akijibu hivi mwambie hivi. Haina rangi, haina nyimbo, mtoto mwanzo alinuna. Lakini tulifanya kila siku, na ile ya rangi tulikuwa tunafanya Jumatatu alafu tunaonana tena Jumatatu. Kwa hiyo dada angalia na wewe unachoweza kukibeba, siyo mtoto tu.

Shangazi wa Mjini
Mi nalaumu vitabu. Programu yetu ilifundisha sauti vizuri, tatizo vile vitabu vya kusomea vilivyokuja nayo vilikuwa na maneno ambayo sauti zake bado hajafundishwa, mtoto afanyeje, anaangalia picha. Siku moja neno ni "pup" akasoma "dog" bila hata kutetemeka. Nikaziba picha kwa kiganja, akanyamaza kimya. Miezi yote nilikuwa najisifu mtoto anasoma kumbe anasoma picha! Fungua kitabu cha kwanza cha hadithi ulinganishe na masomo yaliyotangulia, kama nusu ya maneno hawezi kuyatamka kwa sauti alizonazo, achana nacho.

Mwl Mstaafu
@Shangazi wa Mjini kuna njia ya kumkamata. Mpe maneno ya uongo, "vap", "mib", "teg". Uingereza tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza wanapimwa hivyo, maneno 40 na nusu yake hayana maana yoyote. Neno la uongo halina picha wala halijakaririwa, akilisoma jua anasoma kweli.

Mama Pacha
Wangu ni mapacha, kasha moja, meza moja, mwalimu mimi huyohuyo. Mmoja baada ya miezi minne anasoma mpaka maandishi ya kwenye makopo, mwenzie hata s na f anachanganya. Nikabadilisha programu kwa ajili yake, mara mbili, ndo nikaambiwa nimpime masikio. Kulikuwa na majimaji ndani, sauti nyembamba alikuwa hazisikii vizuri. Baada ya matibabu tukarudi kwenye kasha lilelile la mwanzo akaenda, polepole lakini akaenda, na kwake nilikuwa naongeza kuchora herufi kwenye mchanga huku anaitamka. Nililia siku hiyo jamani, mtoto nilikuwa namwita mvivu.

Bin Mkaidi
Tableti hapana. Wangu alikusanya nyota zote, kumbe anabonyeza mpaka aipate. Kwenye karatasi sifuri.

Mama Lugha Mbili
Sisi tulianza na ba be bi bo bu, Kiswahili kwanza, na sijuti. Irabu tano, kila moja sauti yake haibadiliki, akakamata lile wazo la kwamba herufi zinaunganishwa zinakuwa neno. Kituko kilikuja kwenye kiingereza tulipofika e ya mwisho isiyotamkwa. Kulikuwa na sentensi ina neno "pole", ile ya mlingoti, akasoma "pole" akaniangalia kwa huruma, mama kitabu kinatupa pole. Kesho yake "mate", akacheka mpaka akashuka chini ya meza. Kama mtoto wako anasoma Kiswahili, chagua programu inayokaa muda mrefu kwenye irabu fupi, kama a ya "sat", na hiyo e ya mwisho, zile zinazopita hapo mbio zimeandikwa kwa watoto ambao hawana "pole" kichwani.

Mama Kitinda
Nimesoma zote mara mbili. Masikio nimeshaweka miadi, hiyo ya Mama Pacha imenitisha. Na hii programu ya tatu nimeifungua upya kumbe inaanza na s a t p i n na vitabu vyake vinafuata sauti, ni mimi niliyekuwa naruka masomo. Nimebaki nayo. Leo nimemwandikia sip, kasoma. Nap, kasoma. Mib kaniuliza ni mnyama gani ila kaisoma. Pin kasoma "pini". Mwalimu, najua, najua, ni mdomo wangu.