Maombi ya kila jioni yanamchosha mama mgonjwa, niwazuieje?

Binti Mbagala:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za muda huu. Naomba ushauri, kejeli wekeni pembeni.

Mama ana miaka 63, saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. Mwezi uliopita daktari alituita akasema kilichobaki ni tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu, si ya kumponya, tumuuguzie nyumbani. Tukapewa morfini ya maji, anakunywa kila baada ya saa 4. Kwa kweli maumivu yametulia, usiku analala.

Shida ni jioni. Mama ni Mlutheri, lakini kaka yangu ameokoka kwingine na analeta timu ya maombi. Wanaingia watu wanane chumba kidogo, wanambonyeza tumbo, wanakemea kwa sauti hadi saa 3. Kaka anasema morfini ni kukosa imani.

Juzi walipoondoka nikawa namshikia mama kikombe cha maji. Akasema, "Hawa wanaomba nipone. Hakuna anayeniuliza naogopa nini." Nikamjibu, "Mama, usiseme hivyo, utapona." Akageukia ukutani. Baadaye akaniambia kile kitenge cha bluu kilicho chini kabisa ya sanduku tusikigawe.

Nitawazuiaje bila kuonekana nimemkatia mama tamaa? Na akisema vile tena, nimjibu nini?

Mtu wa Tabata:
Dada, Mungu ndiye daktari mkuu. Acheni maombi yaendelee, mnamzika mtu yuko hai.

Nesi Mstaafu:
Pole mwanangu. Wodi ya saratani nimekaa miaka mingi. Morfini isikatwe ghafla hata siku moja, maumivu yatarudi na mwili utahangaika. Kaka ana hoja? Aende nazo kwa daktari. Na angalia choo, hiyo dawa hufunga tumbo.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaoelekea kufa) ya St Christopher's kule London mwaka 1967 (alikuwa nesi kabla ya kuwa daktari, msisahau), alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeelekea kufa si ya mwili tu, yapo ya moyo, ya familia na ya roho. Mama keshakwambia la kwake liko wapi. Mrudie: "Mama, ulisema hakuna anayekuuliza. Mimi nakuuliza." Kisha nyamaza. Akikaa kimya dakika tano, kaa naye.

Wa Pongwe:
Mimi Muislamu, nichangie kidogo. Kwetu mtu akiwa katika sakarati tunamlakinia shahada, yaani tunamtamkia ili naye aitamke, ila kwa upole. Akishaitamka humkaririshi tena, labda awe amesema neno jingine baada yake. Wanazuoni wamekataza kumng'ang'aniza. Kabla ya kufika huko kuna madeni, wasia na kuombana radhi. Muulize kama kuna mtu anataka kumwona.

Mzee wa Kanisa:
Binti, mchungaji wake yuko wapi? Mwiteni amletee Chakula cha Bwana hapo kitandani, na yeye ndiye azungumze na kaka. Wewe ni mdogo wake, hatakusikia. Timu iombee sebuleni, chumbani waingie wawili, dakika kumi, mikono mbali na tumbo.

Mtu wa Tabata:
Hilo la tumbo nakubali, hata mimi nisingevumilia.

Binti Mbagala:
Mrejesho. Nilimuuliza. Alikaa kimya mpaka nikadhani amelala. Kumbe ni mamdogo wa Korogwe, hawajasemeshana tangu yale mambo ya shamba la bibi, na anaogopa kwenda nalo. Nimempigia mamdogo, akalia kwenye simu, anapanda basi la alfajiri. Mchungaji amefika leo. Kaka amenuna, ila watu wake wameombea sebuleni.

Nesi, choo kweli ana siku 4 hajapata. Ninunue dawa yoyote ya kulainisha duka la dawa?

Nesi Mstaafu:
Siku 4 ni nyingi. Usibahatishe, wapigie leo hii hao waliokupa morfini.