Tuoneshe vipi faida ya utafiti wa usafiri unaogharimiwa na umma?

Mratibu wa tafiti:
Ndugu wanajukwaa, ninaratibu tafiti za barabara zinazogharimiwa na walipa kodi, na kila msimu wa bajeti tunaulizwa fedha hizo zimezaa nini. Tukitaja idadi ya ripoti, wakubwa hawaridhiki, na sioni kosa lao, kwa sababu ripoti iliyofungiwa kabatini haimvushi mtoto barabara. Tuanzie wapi?

Mhandisi wa lami:
Anzeni na uamuzi uliobadilika, kisha mrudi nyuma hadi kwenye utafiti uliousababisha. Katika jaribio la AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, lililofanyika karibu na Ottawa, jimboni Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yenye mizigo ya uzito tofauti yalizungushwa mfululizo juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa unene mbalimbali, huku wahandisi wakipima nyufa na mabonde yaliyojitokeza. Ilibainika kwamba uharibifu hukua kwa kasi kuliko uzito wenyewe: ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, ikibebeshwa uzito maradufu huiumiza barabara takriban mara 16. Maarifa hayo yaliingia katika usanifu wa barabara na katika hoja za kudhibiti uzito wa ekseli. Hakuna mkandarasi ambaye angelilipia jaribio kama hilo peke yake, ilhali faida yake ingewaendea washindani wake wote, na hapo ndipo fedha za umma zinapohitajika.

Mchambuzi wa usalama barabarani:
Naunga mkono, ila kuna mtego. Makutano huteuliwa kurekebishwa baada ya mwaka wenye ajali nyingi kupita kiasi, na mara nyingi mwaka unaofuata ajali zingepungua hata kama hakuna aliyegusa kitu. Kwa hiyo tafuteni makutano yanayofanana nayo ambayo hayakurekebishwa, mlinganishe miaka kadhaa ya kabla na ya baada kwa pande zote mbili. Takwimu za kabla zikusanywe mapema, maana ujenzi ukishaanza hazipatikani tena.

Mratibu wa tafiti:
Nashukuru. Je, utafiti uliothibitisha kwamba mbinu fulani haifai nao tuuhesabu?

Mhandisi wa lami:
Uhesabuni bila kusita, mradi kuwe na kumbukumbu ya maandishi kwamba mbinu hiyo ilikuwa imepangiwa fedha na ikaachwa kwa sababu ya matokeo yenu.