Ushauri: mdogo wangu anabadilishwa nyonga, mishipa ya damu itasalimika?

Kaka wa Pugu:
Wakuu shikamooni. Mdogo wangu ana miaka 28, ana sikoseli. Mwaka wa pili huu anachechemea, hata soksi ya mguu wa kushoto anavalishwa. Eksirei imeonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimebonyea. Daktari kasema nyonga ibadilishwe. Bi mkubwa kagoma: "Wakikata mishipa ya damu, mguu utakufa." Kweli?

Nesi_wa_Thieta:
Pole mkuu. Hofu ya mama ina maana, ila mishipa si ile. Myembamba inayopanda shingoni mwa mfupa kulisha kichwa ndiyo iliyozibwa na sikoseli, kichwa kikafa njaa. Sasa kichwa chenyewe kinatolewa, hiyo mishipa itamlisha nani?

Inayolindwa ni ile mikubwa, hasa ateri ya paja inayopita mbele ya nyonga. Vile vyuma vya kushikilia nyama vikiwekwa mbele, ncha inakaa juu ya mfupa kabisa isiteleze ikachoma ateri. Kikombe cha nyonga bandia kikihitaji skrubu, zinaelekezwa juu kwa nyuma. Zikielekezwa mbele ni hatari, maana huko nyuma ya mfupa tu kuna mishipa mikubwa. Mgonjwa akitoka tunapapasa mapigo juu ya unyayo.

Mzee Kijiwe:
Si watoboe tu mfupa? Shemeji yangu alitobolewa, anatembea.

Nesi_wa_Thieta:
Shikamoo mzee. Kutoboa kunafaa kichwa kikiwa bado duara. Kikishabonyea, umechelewa.

Mama Kulwa:
Mimi ni sikoseli pia, nilibadilishwa nyonga. Mwanangu, ulizieni damu! Mimi niliongezewa kabla, hemoglobini ikafika 10. Asikauke maji, na abebe blanketi lake maana thieta ni baridi na baridi inatuamshia maumivu. Akichomwa sindano za tumboni baadaye asigome, zinazuia damu kugandia mguuni. Halafu kwa umri wake ajue huenda ikabadilishwa tena huko mbele. Mimi hilo sikuambiwa mapema, liliniuma.

Kaka wa Pugu:
Asanteni sana. Nimemsomea bi mkubwa yote. Hajakubali bado, ila kamlaza mzee kwenye kochi anamtafuta mapigo unyayoni. Anasema hayapo. Nesi, yanashikwa wapi hasa?

Nesi_wa_Thieta:
Katikati ya mgongo wa unyayo, usawa wa kidole gumba na cha pili. Aguse taratibu, akikandamiza yanapotea.