Mrejesho: Impreza kumisi nikikanyaga mafuta

Wakuu, niliwauliza kwa nini gari langu, Subaru Impreza ya turbo, linamisi (injini inakatakata) nikikanyaga mafuta hadi mwisho, ilhali pampu ya mafuta ni mpya na kubwa. Mkaniambia nipime umeme kwenye pampu yenyewe, si kwenye betri. Asanteni sana!

Injini ikiwaka, betri ilisoma volti 13.9, soketi ya pampu 11.4 tu. Waya wa zamani ni mwembamba, ulitosha pampu ndogo. Volti zikipungua pampu inazunguka taratibu na presha ya mafuta inashuka turbo inapojaza hewa kwenye injini.

Fundi umeme kavuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 jirani kabisa na betri. Hapo msikubali njia ya mkato: waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kuwaka moto. Waya wa zamani sasa unaamsha rilei tu (swichi ya umeme inayounganisha waya mpya na pampu), kwa hiyo injini ikizimika pampu nayo inazima kama kawaida. Waya wa hasi wa pampu kaubadilisha pia, kakwangua rangi ya bodi chini ya kiti cha nyuma hadi chuma kikang'aa, kisha kakaza bolti.

Pampu sasa inapata 13.6. Gari halimisi tena, hata mlimani gia ya 4.