Sengerema hadi mjini Mwanza kila siku: kivuko cha Kamanga au gari kupitia darajani?

BintiSenge
Wakuu, mwangaluka. Naishi Sengerema mjini kwa shangazi, na mwezi ujao naanza chuo Mwanza, upande wa Bugando. Hosteli nimekosa, geto bado sijaliweza. Njia ya kwanza ni hiace hadi Kamanga, kisha kivuko. Ya pili, jirani yetu huenda Mwanza kila asubuhi na gari lake kupitia Daraja la Magufuli, anataka nimchangie mafuta. Vipindi vinaanza saa mbili. Nisaidieni.

MzeeWaBusisi
Mwanangu, mimi nilivuka Kigongo–Busisi, pale penye daraja sasa, enzi za kivuko. Kuna siku unafika kwenye foleni alfajiri, unavuka jua limeshawaka. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 unazimaliza kwa dakika chache, usiku na mchana. Panda gari.

KondaMstaafu
Shikamoo mzee wangu. Daraja ni neema, sibishi. Ila huyu anakwenda Bugando. Angekuwa anasoma Malimbe ningemwambia gari papo hapo, maana chuo angekikuta kabla ya mji. Yeye akishavuka bado ana Usagara, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na Igogo, na asubuhi upande wote huo unaingia mjini kwa barabara ileile ya Kenyatta. Kivuko kinamshusha jirani na Jiwe la Bismarck. Toka pale hata kwa miguu anafika, ingawa kile kilima kitamtoa jasho.

HesabuKwanza
Kwa daraja ni kama kilomita 60. Gari dogo likienda kilomita 12 kwa lita, ni lita 10 kwenda na kurudi. Mkiwa wanne, lita mbili na nusu kila mmoja, kila siku. Kama unategemea boom la mkopo wa chuo, hela ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Mafuta yataondoka na zaidi ya nusu kabla hujanunua hata chapati.

MamaWawili
Hela inatafutwa, uhai hautafutwi. Nilikuwa binti mdogo MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996. Mtaani kwetu turubai za msiba zilikaa wiki nzima. Halafu 2018 MV Nyerere, kule Ukara. Mwanangu mimi nisingemruhusu majini kila siku.

MvukaMaji
Pole sana dada, hilo halisahauliki. Lakini zote mbili zilizidisha watu, na hapo ndipo pa kuangalia. Mdogo wangu, ukikuta kivuko kimejaa kupita kiasi, subiri kinachofuata, hata kama ni siku ya mtihani. Ukipanda tu, jua maboya yalipo.
Mimi nilivuka Kamanga miaka yangu yote ya chuo. Nilisomea palepale ukingoni, notisi nimezifunga kwa mpira kwa sababu upepo wa ziwa hauachi karatasi. Kwenye gari utabanwa katikati siti ya nyuma, begi magotini, na hutafungua daftari. Shida ya kivuko ni kurudi. Ukikosa cha mwisho, umelala mjini.

Mgeni88
Na treni je?

HesabuKwanza
Reli inatoka Mwanza kwenda Shinyanga na Tabora, upande mwingine kabisa. Hata SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, itamfaa mtu wa Fela au Malampaka.

BintiSenge
Nimerudi. Nimezijaribu zote wiki hii. Jumatatu kwa Kamanga niliondoka saa kumi na moja na nusu, saa mbili kasoro dakika ishirini niko getini chuoni. Jumanne jirani alitoka saa kumi na mbili na nusu, darajani tulipita bila kusimama, kisha tukakwama Mkuyuni. Saa mbili na robo ndiyo nashuka.
Jirani hawezi kutoka mapema zaidi, ana watoto wa kupeleka shule. Kwa hiyo asubuhi nitapanda kivuko, na siku zenye vipindi vya jioni nitarudi naye kwa kuchangia safari moja tu. Amekubali.
MamaWawili, nitakaa karibu na maboya, na kikijaa sipandi. Nimemwahidi na shangazi hivyohivyo.